Metali iliyogeuka kioo ndani ya kinu

Msikilizaji mmoja wa mazungumzo haya aliniandikia barua akiuliza jambo ambalo nilidhani nitalijibu kwa dakika mbili. Aliuliza hivi: je, ni kweli kwamba inawezekana kuchukua metali mbili, zikasagwa pamoja bila ya kuyeyushwa, zikatoka zikiwa kioo? Jibu ni ndiyo. Lakini namna jambo hilo lilivyopatikana, na namna mabingwa walivyobishana juu yake, ni habari ndefu. Nimeona niisimulie yote, kwa kuwa ndani yake limo swali ambalo si la wanasayansi peke yao: mtu atajuaje kwamba alichokipata ni kitu kipya kweli, na si uchafu wa chombo chake mwenyewe?

Kwanza tuelewane maneno. Ninaposema kioo simaanishi kile cha dirishani. Kwa lugha ya wataalamu, kioo ni kitu chochote kigumu ambacho atomi zake hazikujipanga. Chuma, shaba, bati, dhahabu, zote hizi kwa kawaida ni fuwele. Atomi zake zimesimama safu kwa safu, kama wanafunzi wa shule ya msingi mstarini asubuhi. Ukiiyeyusha metali safu hizo huvunjika, na atomi huzurura kama watu wa Kariakoo siku ya mkesha wa Idi. Ikipoa, kila moja hurudi mahali pake. Hurudi upesi mno, hata kwa maelfu ya miaka hakuna mhunzi aliyewahi kuona chuma chake kikiganda huku atomi zingali zimetawanyika. Wala huo haukuwa uzembe wa wahunzi. Moto wao, na maji yao ya kupozea, havikuwa na mbio za kutosha.

Aliyeweza kwa mara ya kwanza kuizuia metali iliyoyeyuka isirudi mstarini alikuwa Pol Duwez, Mbelgiji aliyekuwa akifundisha katika chuo cha teknolojia cha California, Marekani. Mwaka 1960 yeye na vijana wake wawili, Klement na Willens, walichukua dhahabu iliyochanganywa na silikoni, wakaiyeyusha, kisha wakalifyatua tone lake kwa nguvu ya gesi likajibamiza juu ya kipande cha shaba baridi. Tone lilisambaa likawa utando mwembamba, nalo joto lake likashuka kwa kasi ya kiasi cha digrii milioni moja kwa sekunde. (Msomaji asidhani kwamba lilikuwa na joto la digrii milioni, ni kasi ya kupoa ninayoitaja.) Atomi zilikutwa na baridi zikiwa bado njiani, zikaganda hapo hapo zilipo. Kioo hicho cha kwanza hakikudumu, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Tangu hapo ikawa kama kanuni: ukitaka kioo cha metali, yeyusha, halafu shindana mbio na fuwele.

Sasa tuiache California kwa muda, twende jimbo la New York, kwenye maabara ya kampuni ya nikeli ya Kanada iliyojulikana kwa jina la INCO. Huko hapakuwa na mtu anayewaza habari za kioo. Katikati ya miaka ya 1960 mtaalamu mmoja, John Benjamin, alikuwa akihangaika na injini za ndege za jeti. Mapanga ya ndani ya injini hizo hukaa katika gesi yenye joto kali, na metali yoyote ikipata moto kwa muda mrefu hulegea na kurefuka kidogo kidogo, hata panga likagusa ukuta. Njia za kuitia nikeli nguvu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuifanya izae ndani yake punje ndogo za nikeli na alumini. Hizo hufanya kazi nzuri sana, lakini joto likizidi kiwango fulani huyeyukia mle mle zilimo na nguvu ikatoweka. Ya pili ni kutia vumbi jembamba la oksaidi, kitu cha jamii ya udongo wa kauri, ambalo haliogopi joto hilo. Benjamin alitaka zote mbili katika metali moja.

Taabu yake ataielewa haraka mtu yeyote aliyewahi kusonga ugali. Mimina unga wote kwa mpigo kwenye maji yanayochemka, usikoroge, utapata madonge. Ndivyo vumbi la oksaidi linavyofanya ndani ya metali iliyoyeyuka: hujikusanya, huelea juu, hukataa kuenea. Walijaribu kulivika vumbi hilo koti la nikeli kabla ya kulitia, na hilo nalo likashindikana. Ndipo Benjamin alipoacha kuyeyusha kabisa, akaenda kwenye kinu.

Kinu chenyewe hakikuwa kitu kigeni. Ni pipa lenye gololi za chuma ambazo hugongana na kusaga kilichomo. Viwanda vilivyokuwa vikitengeneza vyuma vya kukatia vilikuwa vimekitumia kwa muda mrefu kuzipaka punje za kabaidi ya tangsteni utando wa kobalti. Aina aliyoichagua baadaye Benjamin, yenye mti wa katikati unaozikoroga gololi kwa nguvu, asili yake ni Ujerumani ya mwaka 1922, ambako Andrew Szegvari alitaka kusaga salfa iwe laini kwa kazi za mpira. Kwa hiyo chombo kilichobuniwa kwa ajili ya mpira kikaingia katika habari za ndege. Mambo ya teknolojia mara nyingi huenda hivyo, nami sioni aibu kusema kwamba hupendezwa nayo zaidi yanapokwenda hivyo.

Jipya la Benjamin lilikuwa katika kosa ambalo wasagaji wote walikuwa wakilikwepa. Unga wa metali laini ukisagwa hushikamana. Pigo la gololi huziunganisha chembe mbili kwa nguvu tu, bila ya moto. Wasagaji walitia vilainisho ili jambo hilo lisitokee. Benjamin aliliruhusu, ila kwa kiasi. Chembe mbili zinabanwa kati ya gololi, zinapondwa bapa, zinashikamana, pigo linalofuata linaivunja chembe hiyo mpya, vipande vyake vinashikamana na vingine, vinavunjika tena. Mfano wake ni mpishi wa chapati. Husukuma donge, hupaka mafuta, hukunja, husukuma tena, na kila akikunja tabaka huongezeka na kila tabaka huwa jembamba zaidi. Sasa fikiria mpishi asiyechoka, anayekunja usiku kucha. Itafika wakati tabaka la nikeli na tabaka la kromi yamekuwa membamba kiasi kwamba huwezi tena kusema hapa ni hili na hapa ni lile, na vumbi la oksaidi limetawanyika humo bila donge hata moja.

Makala ya Benjamin ilichapishwa mwaka 1970. Jina ambalo kazi hiyo inajulikana nalo duniani, ambalo kwa Kiswahili tungesema utengenezaji wa aloi kwa mapigo, halikutoka kwake. Lilibuniwa na mwanasheria wa kampuni, Ewan MacQueen, alipokuwa akiandika maombi ya kwanza ya hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi. Aloi moja iliyotokana na kazi hiyo, MA 754, yenye nikeli, kiasi cha asilimia 20 ya kromi, na oksaidi ya itiriamu isiyofika hata asilimia moja, iliingia katika injini za ndege za kivita za Marekani. Kampuni ilipata ilichokitaka, na habari ingeweza kuishia hapo.

Haikuishia hapo, kwa sababu vinu vilienea katika maabara, na watu wakaanza kutia humo vitu ambavyo Benjamin hakuvifikiria. Mwaka 1979 tasnifu moja ya uzamivu ya chuo cha Stanford ilitaja kwamba niobiamu na bati zilizosagwa pamoja zilionyesha dalili za kupoteza ufuwele. Lakini tasnifu, kama tujuavyo, hukaa maktabani. Mwaka 1981, katika mji wa Sverdlovsk huko Urusi, ambao leo unaitwa Yekaterinburg, Yermakov na wenzake walichukua aloi za itiriamu na kobalti, ambazo zilikuwa fuwele safi, wakazisaga, na unga uliotoka haukuwa na safu tena. Waliandika kwa Kirusi katika jarida la huko. Miaka miwili baadaye, mwaka 1983, Carl Koch na wenzake wa maabara ya taifa ya Oak Ridge, Marekani, walitia katika kinu kidogo cha kutikisa unga wa nikeli sehemu 60 na niobiamu sehemu 40. Walianza na metali mbili mbalimbali, kila moja ikiwa fuwele kwa nafsi yake, wakamaliza na unga ambao picha yake ya eksirei ilifanana na ile ya kioo cha aina hiyo hiyo kilichopatikana kwa njia ya kupoza kwa kasi.

Mara nyingi husomwa kwamba kila kitu kilianza kwa Koch. Sidhani kwamba hiyo ni haki kwa watu wa Sverdlovsk. Lakini nampa Koch heshima kwa jambo dogo ambalo wengi hulipita: katika kichwa cha makala yake neno la kuonyesha kwamba unga ule hauna fuwele aliliweka ndani ya alama za mtajo. Alikuwa na shaka, naye hakuificha shaka yake.

Sababu ya shaka ilikuwa nini? Zilikuwa mbili, nami nitaanza na ile iliyo nyepesi zaidi kuieleza.

Watu walisema: huu si muujiza, ni njia ya Duwez iliyojificha. Gololi zikigongana hutoa joto. Pale mahali padogo zinapokutana unga unayeyuka kwa kitambo kidogo, kisha unapozwa na chuma kinachouzunguka. Kwa maneno mengine, kinu ni tanuri lililovaa nguo nyingine. Hoja hii ilikuwa na akili ndani yake. Lakini mwaka ule ule wa 1983 Ricardo Schwarz na William Johnson, huko huko California, walipanga tabaka nyembamba sana za dhahabu na lanthanamu, moja juu ya nyingine, wakazipasha joto la kati ya digrii 50 na 80 za sentigredi tu. Hilo ni joto la chai. Hapakuwa na pigo wala kuyeyuka, na tabaka zile zikageuka kioo zikiwa ngumu vile vile. Ilielezwa kwamba atomi za metali hizo mbili zinapendana kuliko zinavyopenda kukaa mbalimbali, hivyo zina haja ya kuchanganyika; ila moja hutembea upesi na nyingine karibu haitembei kabisa. Ili fuwele mpya ipangike ni lazima zote mbili zisogee. Kwa kuwa moja imekwama, zinachanganyika bila ya kupangika. Mwenye haraka anafika nyumbani, mwenye funguo bado yuko njiani. Basi wanalala barazani.

Hapo ikadhihirika kwamba tabaka za chapati ya Benjamin zinaweza kufanya vivyo hivyo. Mwaka 1986 Schwarz na Koch walipiga hesabu ya joto linalozaliwa gololi mbili zinapogongana katika kinu cha namna ile, wakapata makumi ya digrii tu. Baadaye, mwaka 1988, Koch na wanafunzi wake walitumia ujanja mzuri: walitia kinuni unga wa chuma cha pua kilichokaushwa kwa kuzimwa ghafla, ambacho hubadilika ndani kulingana na joto kilichokutana nalo, wakakifanya kuwa kipimajoto. Hakikuonyesha kwamba joto lilipita digrii 300. Nikeli huyeyuka kwa zaidi ya digrii 1,400. Hoja ya tanuri lililojificha ilikuwa imekwisha.

Lakini maelezo ya kupendana hayatoshi kwa unga wa Sverdlovsk. Wao walianza na aloi ambayo atomi zake zilikwisha kupendana na kupangana. Hapakuwa na haja yoyote ya kuvunja nyumba. Huko ilibidi kukubali kwamba mapigo yenyewe ndiyo yaliyoleta nguvu: kila pigo liliacha ndani ya fuwele atomi moja nje ya mahali pake, mstari mmoja uliopinda, ufa mmoja mdogo, hadi gharama ya kuendelea kukaa safu ikawa kubwa kuliko gharama ya kutawanyika. Ninavyoona mimi, hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika habari hii. Kinu hakisaidii metali kufika inakotaka kwenda. Kinaisukuma mahali ambapo yenyewe isingekwenda kamwe, halafu kinaiacha huko. Ukiipasha moto wa kutosha, itarudi. Bila moto huo inaweza kukaa huko miaka na miaka, katika hali ambayo si ya raha kamili wala si ya kuanguka, kama jiwe lililokwama katikati ya mteremko.

Kwamba pigo si moto kwa jina jingine, kuna Mmarekani mmoja aliyekwisha kulionyesha karne nzima kabla. Huyu ni Carey Lea wa Philadelphia, ambaye miaka ya 1890 aliweka kloraidi ya fedha katika kinu cha mkono akaitwanga. Ukiichoma chumvi hiyo huyeyuka tu, haiachani. Yeye alipoitwanga ikaachana, fedha ikatoka. Kazi yake wenye kusaga metali hawakuikumbuka sana, labda kwa sababu yeye alikuwa mtu wa kemia za picha na wao walikuwa watu wa injini.

Shaka ya pili ndiyo iliyoumiza. Gololi ni za chuma, na pipa ni la chuma. Ukisaga kwa makumi ya saa, chuma hicho hulika kikaingia katika unga. Tena unga ukiwa laini hivyo una uso mkubwa mno kwa hewa. Mfuniko usipobana sawasawa, oksijeni na naitrojeni huingia. Metali kama titaniamu huipenda naitrojeni kupita kiasi. Basi katika miaka ya 1980 na 1990 makala nyingi zilitoka zikitangaza hali mpya za metali zilizopatikana kinuni, na baadhi ya hizo hali mpya hazikuwa mpya hata kidogo. Mfano ni unga wa titaniamu na alumini. Ilidaiwa mara kadhaa kwamba kinu kimezaa humo mpangilio wa atomi ambao haujapata kuonekana. Mwaka 1995 C. Suryanarayana, bingwa mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alilichunguza swali hilo, akaonyesha kwamba kilichoonekana ni titaniamu iliyoungana na naitrojeni ya hewani. Watu walikuwa wamegundua hewa ya chumba chao.

Eksirei nazo zilichangia. Kioo kikipigwa picha ya eksirei hutoa kilima kimoja kipana badala ya vilele vyembamba vya fuwele. Lakini fuwele zikiwa ndogo sana, vilele vyake navyo hunenepa na kuungana, mwisho utaapa kwamba ni kilima. Kwa sababu hiyo iliwabidi watafiti waangalifu kutazama pia kwa hadubini ya elektroni, na kuupasha unga joto polepole huku wakipima: kioo cha kweli kikifika joto fulani hurudi kuwa fuwele kwa ghafla, na kikifanya hivyo hutoa joto linaloonekana kwenye kipimo. Aliyepima kwa njia moja tu hakuwa na haki ya kutangaza. Nasema hivi kwa ukali kidogo, kwa kuwa fedha za utafiti zilitolewa, na vijana walipoteza miaka yao wakijaribu kurudia matokeo ambayo asili yake ilikuwa mpira wa mfuniko usiobana.

Ukiyachuja hayo yote, mengi yalibaki. Nikeli na titaniamu, nikeli na niobiamu, zirkoniamu na wenzake, vioo vyake ni vya kweli. Chuma na shaba, ambazo tanuri haliwezi kuzifanya zikae pamoja zikishapoa, zilikubali kinuni kuwa metali moja; mwaka 1992 Yavari na wenzake wa Grenoble, Ufaransa, walitoa maelezo ya namna mapigo yanavyoweza kuzilazimisha.

Kiwandani lakini kioo cha kinu hakikushinda. Kinatoka kikiwa unga, na ukitaka kuugandamiza unga huo uwe kipande imara unahitaji joto, na joto ndilo linalokirudisha mstarini. Halafu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 Akihisa Inoue huko Sendai, Japani, na Johnson yule yule wa California, walipata michanganyiko ya metali tatu, nne au tano ambayo huwa kioo hata ikipoa polepole, ikimiminwa katika kalibu kama chuma cha kawaida. Vikatengenezwa hata virungu vya gofu. Kinu kilirudi kwenye kazi yake ya kwanza, ya kutawanya vumbi la oksaidi, na leo wanaokitazama kwa matumaini zaidi ni watu wa vinu vya nyuklia, wanaotafuta chuma kitakachostahimili joto na mionzi kwa miaka mingi.

Kuna kitu kimoja zaidi kilichotoka kinuni ambacho sikukitaja, nacho ni zile fuwele zenye mpangilio ambao vitabu vya zamani vilisema hauwezekani, zilizogunduliwa na Dan Shechtman mwaka 1982 na kumletea tuzo ya Nobel mwaka 2011 baada ya kuchekwa sana. Wasagaji walizipata katika unga wao mwaka 1989. Habari yake haiwezi kuingia katika nafasi iliyobaki. Nitaizungumza juma lijalo, saa ile ile.